Majina ya Mabara: Nani Aliulizwa?

Mwaka 1507, katika mji mdogo wa Saint-Dié uliopo leo mashariki mwa Ufaransa, wasomi wachache walichapa ramani ya dunia. Haikuwa ramani ya kukunja na kutia mfukoni. Ilikuwa karatasi kumi na mbili za kuunganishwa, na zikishapangwa ukutani zinakaribia mita mbili na nusu kwa upana. Juu kabisa wamechorwa wazee wawili, kila mmoja na upande wake wa dunia: Ptolemy, mjuzi wa kale wa Aleksandria, na Amerigo Vespucci, baharia wa Florence. Upande wa kushoto kuna ukanda mwembamba wa nchi uliozungukwa na bahari, na kwenye sehemu yake ya kusini, karibu na ilipo Brazili, limeandikwa neno ambalo hakuna anayejua ramani ya kabla ya hapo iliyokuwa nalo: America.

Mchoraji alikuwa Martin Waldseemüller. Kijitabu kilichoambatana na ramani hiyo, ambacho inaaminika kiliandikwa na mwenzake Matthias Ringmann, kinatoa sababu kwa utulivu kabisa. Ulaya na Asia zina majina ya kike, kinaeleza. Basi nchi hii aliyoivumbua Amerigo nayo ipewe jina lake, ligeuzwe kidogo liwe la kike, lifanane na yale mengine. Hoja imeishia hapo. Miaka sita baadaye Waldseemüller mwenyewe aligeuza mawazo: kwenye ramani yake ya 1513 sehemu ile ile imeandikwa kwa Kilatini kuwa ni nchi isiyojulikana, na sifa za uvumbuzi amepewa Columbus. Alikwisha chelewa. Nakala zipatazo elfu moja zilikuwa zimesambaa, na mwaka 1538 Gerardus Mercator akalitandaza jina hilo mpaka kaskazini. Nakala moja tu ya ramani ile imesalia, na Maktaba ya Bunge la Marekani iliinunua kwa dola milioni 10 mwaka 2003.

Mamilioni ya watu, basi, walipewa jina la bara lao ndani ya chumba cha uchapaji ambacho hawakujua kama kipo, na sababu kubwa ilikuwa ulinganifu wa sarufi ya Kilatini. Mtu akilikumbuka hilo hawezi kuwacheka wanaosema majina ya mabara yabadilishwe. Wapo wanaotaka yaundwe majina mapya kabisa, yasiyo na upande, yasiyotokana na mfalme, mkoloni wala baharia wa taifa lolote. Wengine wanapendekeza namba, wengine pande za dunia, wengine majina ya miamba na bahari, wengine majina ya wenyeji. Nia yao ni njema na kinyongo chao kina haki. Hata hivyo naamini jina lisilo na upande halipatikani popote, na kulitafuta kunatuondoa kwenye swali lenye uzito zaidi: nani aliulizwa jina lilipotolewa, na nani anaulizwa leo?

Majina matatu ya zamani zaidi, yaani Ulaya kwa jina lake la Europa, Asia na Afrika, yote yametoka kwenye fukwe za bahari moja, Mediterania. Herodotus, Mgiriki aliyeandika katika karne ya 5 KK, alikiri haelewi kwa nini ardhi iliyo moja imepewa majina matatu, yote ya wanawake, wala ni nani hasa aliyeyatoa. Afrika yeye aliiita Libya. Europa katika hadithi za Wagiriki ni binti mfalme aliyetekwa Tyre, mji wa Lebanoni ya leo, kwa hiyo bara hilo lina jina la msichana wa Asia. Asia nayo kwa Warumi ilikuwa vilevile jina la mkoa mmoja, magharibi mwa Uturuki ya leo. Afrika ilikuwa mkoa pia: Warumi walipoiteketeza Karthago mwaka 146 KK, eneo lake, ambalo takriban ni Tunisia ya sasa, waliliita Africa, na Waarabu waliokuja baadaye wakaendelea kuliita Ifriqiya. Jina la ofisi ya kodi lilinyooshwa taratibu hadi likafunika nchi ambazo watoza kodi wale hawakuwahi kuziota.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuwamo katika Ifriqiya hiyo. Kwa wanajiografia wa Kiarabu tulikuwa nchi ya Zanj. Kabla yao, kitabu cha mfanyabiashara aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 1, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kiliiita pwani hii Azania na kuitaja bandari yake ya Rhapta. Jina Azania lilikuja kuibuka tena kusini ya mbali, pale wapigania uhuru wa Pan Africanist Congress walipolichukua katika miaka ya 1960 kuwa jina la Afrika Kusini watakayoikomboa. Jina lililobuniwa na wageni kwa ajili ya pwani ya Waswahili liligeuka silaha ya watu wengine kabisa, kwenye nchi nyingine kabisa. Nitalirudia jambo hili nikifika kwa Afrika yenyewe.

Tuanze na pendekezo linaloonekana safi kuliko yote, la namba. Bara la kwanza, bara la pili, na kuendelea. Hili si geni, maana dunia iliwahi kuhesabiwa hivyo kwa karne nyingi. Wanajiografia wa Kiislamu, wakimfuata Ptolemy, waliigawa nchi inayokalika katika kanda saba, aqalim kwa Kiarabu, zikianzia karibu na ikweta na kupanda kuelekea kaskazini. Al-Idrisi, aliyekamilisha kazi yake mwaka 1154 kwa ajili ya mfalme Roger wa Sicily, alikigawa kila kimoja kati ya vipande hivyo saba mara kumi, akapata ramani 70, zote kusini ikiwa juu. Malindi na Mombasa zimetajwa humo, katika ukanda wa kwanza. Hakuna jina la mungu wala la mshindi wa vita, ni umbali kutoka ikweta tu. Mgawanyo gani ungeweza kuwa wa haki kuliko huo?

Lakini soma alichokijenga Ibn Khaldun juu ya namba hizo miaka zaidi ya mia mbili baadaye. Katika Muqaddimah, aliyoiandika mwaka 1377, anaeleza kwamba kanda za katikati, ya tatu, ya nne na ya tano, ndizo zenye hewa ya wastani, na kwa hiyo ndizo zenye watu wa wastani, wenye dini, elimu na ustaarabu. Wa ukanda wa kwanza anawaweka karibu na wanyama, na wa ukanda wa saba kule kaskazini hali kadhalika. Huyu ni mmoja wa wanafikra wakubwa waliowahi kuishi, na mahali pengi maandishi yake yanastahili heshima yote. Hapa namba zilikuwa tupu, yeye akazijaza dharau. Ukanda wa kwanza uligeuka kuwa wa mwisho.

Namba za kisasa zimekwepa dharau hiyo kwa njia moja tu: hazibebi maana yoyote. Kwenye simu zetu dunia imeshapewa namba. Namba za kimataifa za Afrika zinaanza na 2; Kenya ni 254, Tanzania 255, Uganda 256, Burundi 257, Rwanda 250, Kongo 243. Katika kundi hilo hilo yumo mtu asiyetarajiwa. Greenland, yenye barafu ya kudumu, ni 299, na Aruba, kisiwa cha Karibi, ni 297. Sijawahi kusikia Mwafrika aliyelalamika kwamba Greenland imeingizwa kwetu, wala mtu wa Greenland aliyejiona Mwafrika kwa kupigiwa simu. Ofisi ya takwimu ya Umoja wa Mataifa nayo ina namba zake: dunia nzima ni 001, Afrika 002, Oceania 009, Amerika 019, Asia 142, Ulaya 150. Kompyuta zinazielewa vizuri sana. Hakuna aliyewahi kuimba wimbo wa 002, na hakuna mkimbizi aliyelilia kurudi 002. Jina linafanya kazi ambayo namba haiwezi, na kazi hiyo ndiyo iliyotufanya tugombanie majina tangu mwanzo. Hata Ludwik Zamenhof, aliyetunga Kiesperanto mwaka 1887 kusudi kiwe lugha isiyo ya taifa lolote, alipofika kwenye mabara hakubuni chochote: akaandika Afriko, Azio, Eŭropo, Ameriko.

Pande za dunia nazo zinapendekezwa sana, kwa madai kwamba kusini ni kusini kwa kila mtu. Mabara mawili tayari yana majina ya namna hiyo. Australia inatokana na neno la Kilatini la kusini. Matthew Flinders alilipendelea jina hilo, gavana Lachlan Macquarie akalipigia debe Uingereza kuanzia 1817, na wenyeji waliokuwa na lugha zaidi ya 250 hawakushirikishwa. Antaktika kwa Kigiriki ni mahali palipo mkabala na Dubu, yaani zile nyota za anga ya kaskazini. Bara zima, kubwa kuliko Australia, linaitwa kwa kuelekeza upande ambao si wake. Waliolipa jina walikuwa kaskazini, nalo likaonekana kama kinyume chao.

Ukitaka kuona upande wa dunia unavyodanganya, chukua Mashariki ya Kati. Jina hilo lilipata umaarufu kutokana na makala ya Alfred Thayer Mahan, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, ya mwaka 1902, iliyohusu Ghuba na njia za meli za Uingereza kuelekea India. Ni mashariki ukiwa London, na ni katikati ukiwa njiani kwenda Bombay. Ukiwa Mombasa, Muscat ipo kaskazini zaidi kuliko mashariki. Ukiwa Delhi, ipo magharibi, na ndiyo sababu serikali ya India husema Asia Magharibi, kama zinavyofanya takwimu za Umoja wa Mataifa. Wazee wa pwani yetu waliokuwa wakingoja kaskazi ilete majahazi walisema Manga au Arabuni. Hawakuwa na haja ya kusimama London ili wajue ndugu zao wanakaa wapi. Leo watangazaji wetu wa redio, wenye shangazi Muscat na binamu Dubai, wanasoma Mashariki ya Kati kila saa ya habari.

Neno lenyewe la kutoegemea upande lina historia ya kusikitisha, na palipo wazi zaidi ni Washington, Oktoba 1884. Wajumbe wa nchi 25 walikutana kuamua mstari wa sifuri wa longitudo upite wapi. Ufaransa haikutaka Greenwich. Mwanafalaki wake, Jules Janssen, alisimama na kutetea mstari usio wa taifa lolote, upite baharini, sayansi isiwe mali ya mtu. Nikiisoma hoja yake naiona ni nzuri, na kwa kweli ilikuwa na hekima kuliko ile iliyoishinda. Lakini tazama masharti ya azimio la Wafaransa: mstari huo usikate bara lolote kubwa, si Ulaya wala Amerika. Afrika haikutajwa. Kutoegemea upande kulipimwa kwa mabara mawili. Azimio likaanguka, Greenwich ikapita kwa kura 22, na mstari wa sifuri ukatua Afrika, ambako unapita Algeria, Mali, Burkina Faso na kutokea baharini Ghana, karibu na Tema. Kutoka Afrika nzima alikuwepo mjumbe wa Liberia pekee. Mwezi uliofuata ulifunguliwa mkutano mwingine, wa Berlin, wa kugawana Afrika, ambao hata Sultani wa Zanzibar, aliyekuwa na madai ya wazi juu ya pwani, hakualikwa.

Tatizo lingine limefichwa chini ya majina, nalo ni mkato wenyewe. Tunajadili Ulaya iitweje kana kwamba tumeshakubaliana kuwa Ulaya ni bara. Ardhi haina mwanya kati yake na Asia. Watu wa kale walipitisha mpaka kwenye mto Don. Katika karne ya 18 Philip Johan von Strahlenberg, ofisa wa Uswidi aliyekuwa mateka nchini Urusi, na Vasily Tatishchev, mwanajiografia wa Kirusi, waliusogeza hadi milima ya Ural, wakati ambao watawala wa Urusi walitaka kuhesabiwa miongoni mwa Wazungu. Mpaka wa mabara ulihama kwa sababu ya heshima ya dola. Martin Lewis na Kären Wigen walilichambua suala hili kwa kina katika kitabu chao cha 1997, The Myth of Continents, na ukishakisoma huwezi tena kuitazama ramani ya darasani kwa utulivu ule wa zamani. Watoto wetu wanakariri mabara saba. Watoto wa Amerika ya Kusini wengi hufundishwa kwamba Amerika ni moja. Bendera ya Olimpiki, iliyobuniwa 1913, ina pete tano. Mpenzi wa soka hahitaji profesa kumweleza. Kazakhstan ilihama shirikisho la Asia ikaingia la Ulaya mwaka 2002, Australia ikahamia Asia mwaka 2006, na Guyana na Suriname, zilizopo Amerika ya Kusini, zinacheza na Amerika ya Kaskazini na Karibi.

Wanajiolojia wana mkato wao, ule wa mabamba makubwa ya ganda la dunia, na wapo wanaosema huo ndio usio na ubaguzi, maana mwamba haujui siasa. Kwa mkato huo Afrika si moja. Kuna bamba la Nubia na bamba la Somalia, yanayoachana kwa milimita chache kila mwaka kwenye Bonde la Ufa, na Mombasa na Dar es Salaam zipo upande wa Somalia. Kati ya matawi mawili ya bonde hilo wametambua bamba dogo zaidi na kulipa jina la ziwa lililo juu yake: Victoria. Ziwa hilo Waganda wanaliita Nalubaale, Wajaluo Nam Lolwe, na Speke alilipa jina la malkia wake baada ya kulifikia Mwanza mwaka 1858. Malkia ameingia mpaka ndani ya mwamba.

Zinabaki njia mbili zenye uzito wa kweli: majina ya wenyeji, na majina ya makubaliano.

Mfano wa kwanza mkubwa ni Abya Yala. Hili ni jina la watu wa Guna, wanaoishi visiwani na pwani ya Panama na sehemu ya Kolombia, watu walioasi dhidi ya serikali ya Panama mwaka 1925 na kupata mamlaka ya kujiendeshea mambo yao. Kwao linamaanisha ardhi iliyokomaa, ardhi ya damu ya uhai. Katika miaka ya 1970 Takir Mamani, kiongozi wa Waaymara wa Bolivia, alilipata kwa Waguna, akaanza kuwahimiza wenyeji wa bara zima walitumie katika hati na hotuba zao, akishikilia kwamba kuita miji yako na bara lako kwa majina ya mgeni ni kumkabidhi utambulisho wako. Mwaka 2007 mkutano wa mataifa ya wenyeji uliofanyika Iximche, Guatemala, uliitwa kwa jina hilo. Kaskazini zaidi, Wahaudenosaunee na Waanishinaabe wana jina lao, Kisiwa cha Kobe, kutokana na simulizi zao za uumbaji.

Mpinzani atasema: Abya Yala nalo ni jina la kabila moja dogo, kwa nini Wamaya na Waquechua walibebe? Je, si Waldseemüller mwingine? Sikubaliani naye. Tofauti ni kwamba Wamaya waliketi kwenye mkutano, tena nyumbani kwao, wakalikubali. Jina lina upande, upande wa Waguna, na halijifichi. Lilitolewa na wenyewe likapokelewa na majirani waliokuwa na uwezo wa kulikataa. Kama lugha nyingine hazijalichukua, hilo ni suala la muda na la nguvu, si la ubora wa jina.

Sisi wa Kiswahili tunayo bahati ndogo hapa. Watu wa Amerika ya Kusini wanalalamika, na kwa haki, kwamba nchi moja imejitwalia jina la bara lao lote. Kwetu nchi ni Marekani na bara ni Amerika. Tofauti hiyo ililetwa na biashara: wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Zanzibar vitambaa vya pamba vilivyojulikana kama merikani, na wenye vitambaa wakaitwa hivyo hivyo. Hakuna kamati iliyoketi.

Sasa Afrika. Kwa miaka mingi limezunguka dai kwamba jina letu halisi ni Alkebulan, na kwamba linamaanisha mama wa wanadamu au bustani ya Edeni. Naelewa kiu inayolibeba. Lakini wanaolieneza hawaonyeshi ni lugha gani ya Afrika iliyo na neno hilo kwa maana hiyo, na hapajawahi kuwa na wakati ambapo Mzulu, Mberiberi, Mwamhara na Mswahili walikuwa na jina moja la ardhi yao yote, kwa sababu hapakuwa na aliyeiona yote. Kulivaa jina lisilo na ushahidi kwa sababu tu si la Warumi ni kuwaachia Warumi waendelee kutuamulia, safari hii kwa kinyume. Asia ipo katika hali hiyo hiyo: Jambudvipa ya Wahindu na Wabudha ni jina zuri lenye mizizi mirefu, ila Waarabu na Wasiberia hawamo ndani yake.

Jina Afrika lina jambo ambalo Alkebulan haina. Watu wamelitesekea. Waliokutana London mwaka 1900 kwenye Mkutano wa Pan-Afrika, wengi wao kutoka Karibi na Marekani, wajukuu wa waliouzwa, walilichukua jina la mkoa wa Kirumi na kulifanya jina la watu. Mei 1963, Addis Ababa, viongozi wa nchi 32 waliunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Hawa hawakuwa watu wa kuogopa kubadili majina. Gold Coast ilikwisha kuwa Ghana, kilele cha Kilimanjaro kilichokuwa na jina la mfalme wa Wajerumani kilikwisha kuitwa Uhuru, na ziwa Rudolf lingekuja kuwa Turkana mwaka 1975. Jina la bara wakaliacha, wakaliweka kwenye hati yao ya kwanza. Walikuwa na nafasi ya kuulizwa, wakajibu. Kama ile Azania, jina lilibuniwa na wageni likapata wenyewe. Kwa Afrika naona kesi imekwisha, mpaka Waafrika watakapokaa tena na kuamua vingine.

Majina ya makubaliano ni machache, na baadhi yameundwa kwetu. Kuanzia Aprili hadi Oktoba 1964 nchi iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, jina refu lililowapa pande mbili haki sawa na kuwachosha wote. Tanzania lilipatikana kwa shindano, likatangazwa tarehe 29 Oktoba, silabi za huku zimeshikana na za kule. Wapo Wazanzibari ambao mpaka leo wanaona makubaliano ya Muungano wenyewe hayakuwauliza vya kutosha, na jina haliwezi kuwaponya. Saa ya dunia nayo ina herufi za namna hiyo: Waingereza walitaka CUT, Wafaransa TUC, ikachaguliwa UTC, ambayo haifuati mpangilio wa lugha yoyote kati ya hizo mbili.

Mahali makubaliano yalipojaribiwa kwenye bara ni Antaktika, na inafaa kutazama kwa karibu. Kuna rasi ndefu inayonyooka kuelekea Amerika ya Kusini. Waingereza waliiita Graham Land, kwa jina la mkuu wa jeshi lao la majini. Wamarekani wakaiita rasi ya Palmer, kwa jina la nahodha wao wa kuwinda sili. Wachile wakasema nchi ya O'Higgins, Waargentina nchi ya San Martín, kila mmoja na shujaa wake wa uhuru. Uingereza, Chile na Argentina zote tatu zinaidai ardhi hiyo hiyo. Mkataba wa Antaktika wa 1959 uligandisha madai hayo bila kuyafuta, na mwaka 1964 kamati za majina za Uingereza na Marekani zikaafikiana: rasi yote iitwe Rasi ya Antaktika, sehemu ya kaskazini ibaki Graham, ya kusini iwe Palmer. Jina la juu halina mtu, majina ya chini kila mtu ana lake. Chile na Argentina zinaendelea kuchapa ramani zenye mashujaa wao. Kati ya nchi 12 zilizotia saini mkataba ule, ya Afrika ilikuwa moja, Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Tanganyika ilikuwa bado chini ya Waingereza. Mahali pasipo na wenyeji kabisa, ambapo usawa ungekuwa rahisi kuliko popote, meza iliwekwa viti hivyo.

Mfano unaonipa matumaini zaidi ni mpya. Mashariki mwa Australia kuna kipande cha ardhi chenye kilomita za mraba zipatazo milioni 4.9, asilimia 94 yake ikiwa chini ya bahari, na New Zealand na Kaledonia Mpya ni vilele vyake. Mwaka 1995 mwanajiolojia Bruce Luyendyk alikiita Zealandia. Mwaka 2017 Nick Mortimer na wenzake wakachapisha hoja kwamba ni bara kamili. Wanasayansi wa New Zealand wamekuwa wakiliandika pamoja na jina la Kimaori, Te Riu-a-Māui, linalomtaja Māui, yule ambaye kwa simulizi za Wamaori alikivua kisiwa cha kaskazini kutoka baharini kwa ndoana. Majina mawili, yote yana upande, yote yameandikwa. Wakanaki wa Kaledonia Mpya wangeweza kuongeza la tatu wakitaka, na sioni ramani itakayopasuka kwa hilo.

Kwa upande wa Kiswahili kazi ipo na haihitaji kungoja dunia. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania na wenzake wa Kenya wanaweza kuvielekeza vyombo vya habari vitumie Asia Magharibi, na wakitaka kutaja nchi za Ghuba waseme Ghuba. Vitabu vya jiografia vya shule vinaweza kuandika Amerika, na chini yake kwa herufi ndogo Abya Yala, pamoja na sentensi mbili kuhusu Waguna. Vinaweza kuandika Nalubaale na Nam Lolwe kando ya Victoria, kwa kuwa wanaoishi ufukweni wanasema hivyo kila siku. Na kabla mwalimu hajawafundisha watoto kwamba mabara ni saba, awaeleze nani alihesabu.